Beberu wa Fidia

Wahome ndiye mtu wa pekee Kitengela aliyewahi kuteka beberu kwa njia ya kidiplomasia. Alikaa naye usiku mmoja.

Dalali huyu wa mashamba hufuatilia mazungumzo ya amani ya nchi za mbali kama wengine wanavyofuatilia mpira. Kwa hiyo beberu wa jirani yake Musila alipopenya ua na kula nusu ya sukuma wiki yake, Wahome hakugombana. Aliitisha mkutano wa kusitisha vita.

Ulifanyika Jumamosi kwa Lemein, jirani wa tatu, ambaye viti vyake havikuwa na upande.

"Nataka fidia," Wahome alisema. "Huyo beberu mwenyewe."

"Beberu mzima juu ya sukuma?" Musila aliuliza. "Nilimtoa kule Mashuuru akiwa mdogo. Mbuzi zote za hapa zinamngojea yeye azipande."

"Hiyo ndiyo bei ya uvamizi."

Bei hiyo ilikuwa na sababu. Kesho yake Wahome angepokea wazazi wa mchumba wa bintiye Nyawira, na alikuwa ameshawatangazia nyama ya mbuzi. Mbuzi hakuwa naye.

Akaandika mkataba kwa mkono wake: mbuzi akila shamba la mtu, anakuwa mali ya mwenye shamba, papo hapo na daima.

Lemein aliusoma polepole. "Wahome, uko na boma ya mbuzi?"

"Niko na mkataba."

Musila alitia sahihi.

Jioni Wahome alimfunga beberu kwa kamba mpya kwenye nguzo ya tangi, akamlisha sukuma yote iliyobaki.

"Baba, hiyo ni mboga ya wageni," Nyawira alisema.

"Mateka lazima atunzwe. Ni sheria ya kimataifa."

Mbuzi hasomi mikataba, lakini anajua kwao. Asubuhi alikuwa kwa Musila, tumbo limejaa, akimalizia kunde za Mbeke, mke wa Musila.

Wahome alifika akihema. Musila alikuwa akimngoja, karatasi mkononi.

"Amekula shamba yangu, jirani. Soma hapa."

"Musila, wageni wako njiani."

"Pole sana. Lakini hiyo 'daima' uliandika wewe."

Wahome alimtazama beberu. Beberu alikuwa akitafuna.

"Basi nirudishie kamba yangu."

Musila alishika kipande kifupi kilichokuwa kikining'inia shingoni mwa mnyama.

"Hiyo ingine yote aliikulia kwako," alisema. "Hayo ni mambo ya ndani ya nchi yako."