Kuanguka kwa Ngome ya Masikio ya Shabir

Sikilizeni, enyi wapima ufuta wa Ikwiriri na walima mpunga wa Mtunda, na asiyesikia vizuri asogee mbele, maana habari hii ni yake. Na isemwe mapema ili ubishi usizuke: mpumbavu wa siku ile alikuwa Shabir mwenyewe, Simba wa Mizani, mwenye duka na mwenye kalamu isiyobanduka sikioni.

Ukimya ulikuwa umeivamia himaya yake. Wateja walipiga hodi, wakangoja, wakahamia kwa jirani. Ndipo mkewe Rehmat akatoa amri kwa sauti iliyofika Nyamwage: "Baba Sajjad! Usiposikia kabla ya msimu, mizani anaishika Sajjad!"

Shabir akajifunga masombo, akapanda basi kuelekea Dar es Salaam kwa madaktari bingwa wa masikio. Rehmat, aliyepanda naye, akamshusha njiani, Kibiti, kwenye kituo cha afya ambako idara ya tiba ya familia ya chuo kikuu ilikuwa imepiga kambi.

Akatokea Daktari Marsela, mhadhiri wa idara, wanafunzi wake nyuma kama kikosi. Akauliza mgonjwa anakula nini, analalaje, anaishi na nani. Akampima na presha.

"Binti, nimeleta masikio," Shabir akanguruma. "Mke wangu na chumvi yangu vinakuhusu nini?"

"Masikio yamekuja na mwenyewe, mzee wangu!" Marsela akapaza sauti. "Yakiwasha, unayakuna na nini?"

Shabir akachomoa kalamu kama jambia kutoka alani. Marsela akamulika ndani, akaona yote: kwa mfuniko wa kalamu ile, shujaa wetu alikuwa akiishindilia nta ndani huku akidhani anaitoa.

Vita vikaanza. Matone yakailainisha ngome, wakangoja. Kisha bomba la maji vuguvugu likapiga kulia, likapiga kushoto, likarudi kulia, naye Shabir amekumbatia kiti akimwita Mola wake. Hatimaye beseni likapokea mateka: madonge mawili ya nta nyeusi, na juu ya mojawapo punje ya ufuta, imeketi kama sultani aliyepinduliwa. Wanafunzi wakainama kuitazama kwa adabu. Na iandikwe katika tarehe za Rufiji kwamba siku hiyo ngome ilianguka.

Lakini fahari ya Shabir ilijeruhiwa.

"Hiki tu? Chuo kikuu kizima kuja kuniosha masikio? Dar wana mitambo!"

"Tumesomea hilo, mzee: usiende Dar kwa ajili ya nta. Na presha yako iko juu. Hiyo hukuileta, imekuja yenyewe, na tutaitibu hapahapa."

"Maneno ya vitabuni! Hamjafanya kitu!"

Rehmat, kule dirishani, akanong'ona ndani ya mtandio wake: "Mpumbavu."

Shabir akageuka kama radi. "Nani mpumbavu?"

"Aliyesikia," akasema Rehmat.