Gongo Lililopita Kwenye Mashine ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Juni

Daftari, salamu sana. Nesi wa kliniki kasema niandike wasiwasi wangu kila siku kabla haujanipasua moyo. Shule niliacha darasa la tisa, najua kuandika barua tu, kwa hiyo nakuamkia kama mtu. Mimi mzima. Mume wangu Garland mzima, yuko barabarani na lori, leo yuko Nebraska kama hajapotea. Binti yangu Twila mzima, anafanya kazi duka la matairi na hanywi chai asubuhi hata umpigie magoti. Shemeji yangu Orrin, mdogo wake Garland, anayekaa nasi chumba cha juu, mzima isipokuwa shavu. Mbwa mzima. Paka sijamwona tangu Ijumaa. Mwanangu Doyle mzima wa mwili.

Ni moyo wake ndio hauko sawa. Anacheza sofboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, timu ya ghala la ngano. Mechi tano, hajapiga mpira hata mmoja ukafika mahali. Kocha kamwambia Jumamosi akikosa tena akatafute timu ya bibi zake. Basi leo mezani, tena huku anatafuna, Doyle akasema akiachwa ataondoka, atakwenda Dakota Kaskazini kwenye visima vya mafuta. Eti hapa hakuna kinachomshika. Mimi nimesimama hapo na bakuli la maharage! Hakuna kinachomshika!

Saa sita mchana mji ukajaribu king'ora cha kimbunga kama kila Jumatatu. Kilipokuwa kinalia, wazo likaniingia. Wazo lenyewe si la kutoka kanisani.

Orrin alikuwa mrushaji miaka kumi na moja iliyopita. Alirusha, mpigaji akapiga, mpira ukamrudia usoni kabla hajashusha mkono. Sasa shavu la kushoto lina kipande cha chuma na skrubu nne. Tulielezwa pale hospitalini: lile gongo la mpigaji lilikuwa limepitishwa katikati ya rola mbili. Magongo ya siku hizi si ya mti, ni ya nyuzi na gundi, na ukilibana hivyo nyuzi za ndani zinalegea, mpira unaruka kama umepigwa teke na farasi. Kwa nje huoni kitu. Niliwalaani waliofanya vile mbele ya kanisa zima, na sijafuta.

Lakini wale walitaka kikombe. Mimi nataka mtoto abaki nyumbani. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na chumba cha chini ya nyumba nina mashine ya kukamulia nguo ya marehemu mama mkwe. Ina rola mbili.

Jumanne, 11 Juni

Imefanyika.

Doyle kazini, Twila kazini. Mchana kweupe, jua linaingia kidirishani. Nikalivika gongo la Doyle soksi lisichubuke. Nikakaza skrubu, nikazungusha mkono wa mashine. Nilitegemea litalia kama mti unaovunjika. Halikulia hivyo. Lilitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Taratibu. Kama mtu anayetaka kusema neno halafu anaghairi.

Nikaligeuza kidogo, nikapitisha tena. Pumzi ile ile. Mara thelathini.

Kwenye mara ya kumi hivi nikasikia Orrin anatembea huko juu. Nikisimama, anasimama. Nikizungusha, anatembea. Nikamwita, shemeji, vipi huko? Akajibu kwamba chuma cha shavuni kinalia, labda mvua inakuja. Mvua! Kansas nzima haina wingu hata la kufutia pua.

Nikamaliza. Gongo lilikuwa na joto, kama mkono wa mtu uliotoka mfukoni. Nikalilaza mezani, nikageuka kuchukua kitambaa, na nyuma yangu mashine ikazunguka nusu mzunguko. Peke yake.

Ni mafuta. Nimeipaka mafuta mengi mno.

Jumatano, 12 Juni

Doyle kalijaribu mazoezini. Mpira wa kwanza ulivuka uzio, ukavuka barabara, ukaingia shamba la ngano, hawakuuona tena. Kasema wenzake wote walinyamaza, hata yule mpuuzi anayetema maganda ya alizeti. Hakuna aliyepiga makofi. Kafika nyumbani kala sahani mbili, kanibusu utosini. Eti gongo limeamka, Mama. Nikamwambia asiseme hivyo.

Usiku mzima wa jana nimeona uso wa Lowell. Lowell ni mrushaji wa timu ya matairi, ndiyo timu ya Twila pia, na ndio tunaocheza nao Jumamosi. Mama yake ni Ardith. Ardith sina neno zuri juu yake, miaka saba mfululizo anachukua zawadi ya kwanza ya pai kwenye maonyesho na kila mwaka anajifanya kashangaa. Lakini Lowell nilimbeba siku anabatizwa. Alinitapikia. Mtu aliyekutapikia huwezi kumwacha apigwe uso.

Nimeendesha hadi mji wa pili nikanunua kinga ya uso, ile ya waya za chuma. Nikaiweka kwenye boksi, nikaliacha barazani kwao. Ardith anaujua mwandiko wangu, nikaandika kwa herufi kubwa: LOWELL. VAA HII JUMAMOSI.

Roho imetulia. Nimefanya jambo jema kimyakimya, kama Biblia inavyotaka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekutana na Ardith dukani kwenye mayai. Uso mweupe kama unga! Kaniambia kwa kunong'ona kwamba mtu katembelea baraza lao. Alifungua boksi akakuta uso wa chuma umelala chali unamtazama. Hauna macho, mwenzangu, akasema, na unanitazama! Lowell hajalala. Kila gari likipita anazima taa.

Nikamwambia labda ni mtu mwema tu. Akasema mtu mwema ana jina. Halafu akanikamata kiwiko, akaniuliza kama nimesikia chochote mjini. Nikasema mayai yamepanda bei.

Nimemhurumia kweli. Nimerudi nyumbani nikaoka mikate ya mdalasini kumi na miwili, nikaipeleka wakiwa kwenye ibada ya katikati ya wiki, ile iliyoahirishwa jana. Nikaweka na kikaratasi cha kumtuliza kijana: USIOGOPE. MPIRA UTAKUJA HARAKA SANA. UKIIVAA HUTASIKIA KITU.

Nimekisoma mara tatu. Maneno mazuri.

Ijumaa, 14 Juni

Lowell katoroka! Alfajiri kaenda kwa shangazi yake Tulsa. Hakuaga hata kocha. Ardith kawamwagia kuku mikate yangu, kinga ya uso kampelekea sherifu, na sherifu kaifungia kabatini kama ushahidi. Mji mzima unafunga milango. Mjane wa duka la nyuzi kasema hata yeye ameota uso wa waya dirishani.

Nikajipa moyo. Bila Lowell hakuna wa kuumia. Nikaanza hata kuimba.

Saa kumi na moja Twila kaingia anaimba kunishinda. Kocha wa matairi kamchagua. Kurusha. Kesho. Mbele ya kaka yake.

Kikombe kimeniponyoka, kile cha Garland.

Nimemwambia ana homa. Kasema hana. Nimemshika paji la uso nikasisitiza. Kasema, Mama, mkono wako ndio wa moto. Nimemsihi avae kinga, kacheka, eti nani anavaa hiyo, labda mchawi wa Ardith. Nikamkimbilia Doyle. Gongo kalifungia kwenye gari, ufunguo kauvaa shingoni. Nikamwambia gongo hilo lina nuksi, nalitilia mashaka. Akanitazama kwa upole akasema, Mama, tangu Krismasi hii ni mara ya kwanza nimefurahi kuamka.

Nikamwongezea viazi.

Orrin hakula. Alikuwa anamtazama Twila, upande wa kushoto wa uso, kwa makini, kama mtu anayepima pazia. Twila akamwuliza, Baba mdogo, nina kitu? Akasema bado.

Jumamosi, 15 Juni

Saa kumi jioni. Upepo ulikuwa umevuma siku nzima, mechi ilipoanza ukakata. Bendera ikaning'inia kama nguo iliyokamuliwa. Hapa upepo haukati hivihivi.

Nilikaa mstari wa tatu. Orrin pembeni yangu, Ardith nyuma yangu kaja kuona nani atacheka. Nilikuwa nimepanga kujifanya nazimia zamu ya Doyle ikifika. Nilikuwa nimechagua hata mahali pa kuangukia. Zamu ikafika na mwili ukagoma kuanguka.

Twila akarusha, mpira wa juu, wa upole, anavyorusha tangu utotoni uani kwetu. Doyle akazungusha gongo.

Mpira sikuuona. Nilisikia ile pumzi. Ile ya chini ya nyumba, kupitia meno, mbele ya watu mia mbili mchana. Halafu kofia ya Twila ikawa chini. Kofia tu. Yeye kasimama bado, mkono umeganda hewani, nywele zimemfunika uso, na mbali kule ukutani ubao wa matokeo ukapiga kelele kama bati lililoangukiwa na jiwe.

Kocha akapaza sauti, kimbia wewe! Timu ya ghala wote wakapokea, kimbia! Doyle hakukimbia. Alikuwa anasubiri dada yake ageuze uso. Nami nilikuwa nasubiri. Ni muda mrefu sana kusubiri uso wa mtoto wako. Aligeuka. Ulikuwa mzima, wote.

Orrin hakuwa tena pembeni yangu. Alikuwa anakatiza uwanja, polepole, mkono shavuni. Akalichukua gongo mkononi mwa Doyle. Akaliegemeza kwenye chuma cha shavu lake kama mtu anayesikiliza ukutani, akafumba macho. Akafumbua, akatazama majukwaani, macho yakapita watu mia mbili wote na kuja kusimama kwangu. Doyle akafuata macho ya baba yake mdogo. Akaniona.

Mtoto anamjua mama yake. Sikuwa na haja ya kusema.

Mwamuzi akaja mbio akauliza gongo hili nani kaliharibu. Orrin akaendelea kunitazama. Mimi nilisimama, Daftari, naapa nilisimama. Miguu ilisimama. Mdomo ndio ulibaki umekaa.

Doyle akasema, mimi.

Kafungiwa kucheza miaka miwili. Wakamzomea, mwizi! muuaji! wengine ni watu waliokula kwangu. Na Ardith nyuma ya shingo yangu akasema, leo tumejua boksi lilitoka wapi. Pole, Verlene, kuzaa si kumjua mtu.



Jumapili, 16 Juni

Kanisani Twila alinishika mkono ibada nzima. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Hakuniuliza. Nilitamani aniulize, na nilikuwa nimeandaa uongo mzuri.

Doyle kafungasha. Nilimkuta anafunga turubali la gari. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa mwamuzi niseme ukweli, au baada ya mavuno watu wakipoa. Akasema niache, ameshasema yeye, ingekuwa aibu mara mbili. Nikamwambia nilitaka ubaki tu, mwanangu. Akasema, Mama, ungeniambia hivyo, ubaki. Nikasema nimekuambia mara mia! Akasema hapana. Ulikuwa unaniongezea viazi.

Kaondoka saa nane. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likakaa.

Nilipoingia ndani, Orrin alikuwa kapandisha rola za mama yake juu, kazilaza kwenye majani juani, moja huku, moja kule, mbali mbali, kama watu waliogombana. Hakunigombeza. Kasema, shemeji, chuma kimenyamaza. Halafu kaniomba chai. Nilimpa, nusu nikaimwagia kwenye sahani.

Nimeapa. Sitagusa tena chombo cha mchezo wa mtu yeyote maisha yangu yote.

Jumatano, 3 Julai

Doyle kapiga simu! Anakula vizuri. Analala nyumba ya mama mmoja mzee, Bi Solveig, anayempa samaki kila siku. Kazi ngumu lakini watu wema. Na kumbe huko visimani wana timu ya sofboli, wanacheza Jumapili, na habari za mji wetu hawazijui. Nikamwuliza kama anacheza. Kasema amewaambia gongo hatalishika tena hadi kufa.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Akasema ndiyo maana wamemfanya mrushaji.

Mrushaji! Hatua ishirini kutoka kwa mtu mwenye gongo! Na Jumapili hii wanacheza na timu ya machimbo ya mawe, watu wakubwa, kasema mwenyewe, Mama, kuna mmoja shingo yake kama shina la mti, halafu akacheka. Sauti yake ikakatika katikati ya kicheko, kabisa, nikabaki nasikia upepo wa huko.

Nesi kasema nikipata wasiwasi nivute pumzi kumi. Nimevuta. Ya tano ilitoka kupitia meno, nikaacha.

Nimemwandikia Bi Solveig, inaondoka na posta ya leo. Nainakili hapa:

Bi Solveig mpendwa, salamu sana. Mimi ni mama yake Doyle. Sisi huku wazima, mume wangu mzima, binti yangu mzima, shemeji yangu mzima, paka karudi. Asante kwa samaki. Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Naomba msaada mdogo tu, wa mama kwa mama. Hao wa machimbo wanayaweka wapi magongo yao katikati ya wiki, na mlango una kufuli ya namna gani? Nasikia yakikaa kwenye friza siku tatu yanakufa nguvu na kwa nje hayaonyeshi kitu. Friza yako ina ukubwa gani? Usimwambie Doyle. Nijibu haraka, kwa simu kama unaweza, mechi ni Jumapili.