Baba Mpaka Ijumaa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkurugenzi wa Idara ya Watoto na Familia amestaafu. Kiti kiko wazi! Nimekikalia mchana, watu walipokwenda kula. Kinazunguka. Nimezunguka mara tatu, nikagusa kichuma fulani pembeni, kikanishusha mpaka kidevu kikawa sawa na meza. Mhudumu wa chai akanikuta hivyo. Nikamwambia nakikagua.

Miaka kumi na tisa niko masjala. Kila faili la kila familia limepita mikononi mwangu. Nani anastahili kuliko mimi? Eti wanamtaja Mama Daftari, afisa ustawi wa ghorofa ya chini, anayeshinda majumbani kwa watu mpaka viatu vimelika upande. Mkurugenzi wa viatu vile! Vyangu havijawahi kuona tope.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bodi ya uteuzi imebandika majina. Tumebaki wawili, mimi na yeye! Kisha nikasoma chini: Ijumaa bodi itawatembelea waombaji nyumbani, kuona wanavyoishi na familia zao.

Balaa. Sijaoa. Lakini kwenye fomu, mahali pa idadi ya watoto, niliandika watatu. Nafasi tupu haipendezi.

Jioni nimekwenda kwa dada yangu kumwomba aniazime wanawe. Nilikuwa na hotuba ndefu. Sikufika mbali, kwani tayari alikuwa anafunga mabegi yao. Mama, anayeishi kwake, akauliza kutoka chumbani kama leo angalau nitakaa ninywe chai. Nikasema nina haraka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema mgongo unauma. Mazoezi tangu asubuhi.

Mkubwa, msichana wa miaka tisa, amekataa kuniita Baba bure. Anataka biskuti moja kwa kila Baba. Nikakubali, nikidhani nashughulika na mtoto. Kufikia adhuhuri ameniita mara thelathini na moja, nyingine akiwa chooni. Wa kati ameniita Baba mbele ya mwenye duka, ambaye amenipa hongera na kuuliza nilioa lini. Mdogo, wa miaka minne, ananiita Mjomba tu. Nikampa biskuti ili aache. Sasa anaamini Mjomba nayo ina biskuti yake.

Nimewaandikia majibu. Baba hupika. Baba hutusomea hadithi. Baba hana hasira. Hilo la mwisho nimelirudia kwa ukali mpaka mdogo akalia. Ikabidi nimsomee hadithi kweli. Amelala mapajani kwangu na kunichafua shati. Sikumwamsha. Sijui kwa nini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Lahaula!

Mwenyekiti wa bodi amekuja na wenzake wawili. Nyumba inang'aa. Mkubwa akatamka Baba mara sita kwa dakika moja, huku akihesabu kwa vidole. Mambo safi. Kisha mwenyekiti akaomba aketi na watoto peke yao chumbani, na karatasi na kalamu za rangi.

Hapo mgongo ukauma kweli. Huo ndio utaratibu wetu! Mtoto huzungumza bila mtu mzima wa nyumba kuwepo, tena huchora watu wa kwao. Mwongozo wenyewe niliupiga chapa mimi, nakala mia mbili, nikazipanga kabatini kwa unadhifu mkubwa. Ila kuusoma, sikuusoma.

Mwenyekiti ametoka na makombo ya biskuti kwenye masharubu. Akanionyesha mchoro wa mdogo. Kuna mama, baba, bibi na paka, wote ndani ya nyumba. Mlangoni kuna mtu mrefu mwenye tai na pakiti ya biskuti. Juu ya kichwa chake, yule mkubwa amesaidia kuandika: Mjomba, ni Baba mpaka Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama Daftari ameteuliwa. Kiti hakikumshusha hata kidogo.

Ameniita. Nikajua nafukuzwa. Badala yake kanipa ule mchoro, akasema mdogo alimuuliza mwenyekiti kama Mjomba anaruhusiwa kuendelea kuwa Mjomba hata baada ya Ijumaa. Akanishauri Jumamosi niende kwa dada, nikawaone tu, bila kutaka kitu. Nyumba imepooza tangu waondoke. Jana nimekuta biskuti ndani ya kiatu changu, nikashindwa kuitupa. Nikamwahidi nitakwenda.

Nikatoka, nikakuta tangazo jipya ubaoni. Anatafutwa mkurugenzi wa Idara ya Wazee! Bodi ni ile ile, na nyumbani watakuja vile vile.

Jumamosi nakwenda kwa dada, ahadi ni ahadi. Nakwenda kumwazima Mama. Safari hii hakuna uongo wowote, ni mama yangu mzazi kabisa! Nimeshaanza kumwandikia majibu. Nimekwama kwenye swali la kwanza tu, wakimuuliza mwanao alikaa na wewe lini mara ya mwisho. Nitanunua biskuti laini. Sikumbuki amebakiwa na meno mangapi.