Sindano ya Upande wa Laurenti

Jumatatu, 4 Oktoba 2021

Bila mimi Sepuka isingekuwa kwenye ramani. Nalisema bila majivuno. Wapima ardhi enzi zile walitaka kupita moja kwa moja. Nikawasimamisha barabarani, nikawaonyesha kijiji kizima kwa fimbo, nyumba baada ya nyumba. Mkubwa wao akanipa kalamu. Ndiyo hii ninayoandikia. (Si yenyewe hasa. Ile iliisha wino.)

Leo mkutano wa kijiji. Mtendaji katangaza kwamba Jumamosi gari la chanjo ya korona linafika zahanati, na kuchanja ni hiari ya mtu. Mimi ningenyamaza. Lakini Laurenti kasimama! Kapandisha mkono wa shati, kasema yeye ameshachanja mjini na bado analima kama kawaida. Makofi. Sasa Laurenti na mimi tunagombea uenyekiti wa ushirika wa alizeti, na uchaguzi ni Jumapili hii. Angesema maji ni matamu, ningelala na kiu.

Nikasimama na mimi. Nikauliza, tangu lini kitu kizuri kikawa hiari? Kodi si hiari. Shule si hiari. (Mimi niliifanya hiari nilipofika darasa la tano, lakini hayo ni mengine.) Watu wakaguna vizuri sana. Amosi, mpiga debe wangu, akaguna kuliko wote.

Kufika jioni kijiwe chetu pale kwenye mashine ya kukamua mafuta kimegawanyika. Waliochanja na wanaotaka kuchanja, benchi la Laurenti. Sisi wenye akili, juu ya magunia ya mashudu. Mtu akikohoa, kwanza tunatazama kakaa upande gani.

Wakati wa kula mdogo wangu Severina kaniuliza kama na yeye aende Jumamosi. Kauliza kwa Kinyaturu, maana yake hatanii. Ana sukari, na mwaka huu amezika rafiki zake wawili wa kwaya. Tangu afiwe na mume karudi hapa kwangu, na jambo la namna hii halifanyi bila neno la kaka yake. Nikamwambia tusubiri utafiti. Kauliza utafiti wa nani. Wangu, nani mwingine?

Siwezi kumruhusu. Dada wa mgombea kwenye foleni ya Laurenti! Kura zote zitahama.

Jumanne, 5 Oktoba

Utafiti umefanyika. Inasemekana bega la aliyechanjwa linanasa chuma. Aliyesema simwamini, ndiyo maana nimepima mwenyewe. Nimeficha kijiko cha chai kiganjani, nikamwendea Laurenti, nikamkumbatia kwa salamu ndefu. Hatujawahi kukumbatiana. Kijiko kikateleza kikaingia ndani ya shati lake. Laurenti kakitoa, kakifuta, kanirudishia mbele za watu, kauliza kama siku hizi kwangu tunakunywa uji tukitembea. Benchi lake lilicheka mpaka mwenye mashine akazima injini asikie kuna nini.

Matokeo: hakinasi. Inatia shaka zaidi! Maana yake wameshajua kwamba tunapima.

Jumatano, 6 Oktoba

Severina kafua blauzi ya mikono mifupi. Kwa nini mikono mifupi? Asubuhi hizi kuna upepo wa baridi. Nikamwuliza Jumamosi ana safari gani. Kasema anakwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa gani? Mgonjwa mmoja tu, kaka.

Nimeficha viatu vyake vya kutokea ndani ya banda la kuku. Ni kwa usalama wake.

Alhamisi, 7 Oktoba

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Leo ilikuwa chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Hapa kwetu tunachanja kuku wa kitongoji chote asubuhi moja, kabla mabanda hayajafunguliwa, na mtoa matone ni mimi. Singida nzima hakuna mkono kama wangu. Tone moja, jicho moja, kuku hata hapepesi. Wamewahi kutoka Kilimatinde kuja kunitazama. Dawa nilishaifuata mjini jana mchana kwa Rajabali, muuza dawa za mifugo, nikaifunga kwenye kitambaa kibichi isipate joto.

Nikaanza kwa Amosi. Banda limefungwa kwa mnyororo. Nikamwambia afungue, jua linapanda. Akajiegemeza mlangoni.

"Mjomba Gasto, na kuku wangu wana hiari."

Nikadhani anatania. Akaniuliza hiyo chupa imetoka wapi. Nimemwona aliyeipika? Kwa nini inataka ubaridi, inaficha nini? Maswali yangu yote ya kijiweni, kwa mpangilio wangu, hata sauti yangu kaiiga. Nikamwambia hii ni ya kuku. Kasema ndivyo wanavyoanza, kwa kuku.

Nyumba zote za upande wangu hivyohivyo. Wafuasi watiifu kiasi hicho sijawahi kuona. Ni hasara!

Upande wa Laurenti walikuja na kuku makwapani, wamejipanga. Laurenti mwenyewe akanishikia, mabawa kwa mkono huu, miguu kwa mkono ule, hatukani, hacheki. Kumbe adui akikusaidia inauma kuliko akikutukana. Mama mmoja akauliza kama lazima kuku wote. Nikamweleza kwa ufasaha mkubwa. Nikasema dawa si ya kuku mmoja, ni ya banda. Anayeachwa ndiye anayewarudishia wenzake ugonjwa, na aliye dhaifu ndiye anayeanza kufa.

Severina alikuwa amesimama pale na beseni la maji ya kunawa.

"Kaka, hata yule jogoo wako mbovu umempa," akasema. "Mimi je?"

Nikamwambia jogoo hapigi kura. Nilidhani ni jibu zuri. Hakuna aliyecheka, hata Laurenti. Severina akatua beseni akaondoka. Ugali wa leo umeletwa na mtoto wa jirani, umefunikwa, hauna salamu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kuku wa Amosi wameanza kupinda shingo. Ni mdondo. Kaja ananilaumu kwamba nilimdanganya. Nikamwuliza lini nilimwambia asichanje kuku? Kasema hukusema kuku, ulisema tusikubali vitu vya chupa. Nikamwambia atazame vizuri, huenda ni njama za Laurenti. Kafikiri kidogo. Kasema huenda. Lakini kaondoka bila kuaga.

Severina hajaniuliza kuhusu viatu. Inatia shaka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Katoka asubuhi pekupeku! Blauzi ya mikono mifupi, kitenge, miguu mitupu, kichwa juu, katikati ya barabara. Kila anayemwona atauliza viatu viko wapi. Ikabidi nimfuate. Nikavaa koti refu nililolikuta kwenye sanduku, kofia ya sufu, na barakoa. Mimi na barakoa! Lakini kwa kujificha hakuna kitu bora zaidi.

Zahanati nusu ya foleni nao wamejifunika, kofia mpaka kwenye nyusi. Nikatazama chini. Katambuga zile, moja ina kamba nyekundu, ni za Amosi. Gambuti za nyuma yake ni za mweka hazina wangu. Kamati yangu nzima ya uchaguzi! Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kila mmoja anatazama mti.

Nikajibanza nyuma ya Severina. Hakugeuka.

"Kaka," akasema taratibu, "hilo koti ni la marehemu mume wangu."

Nikamwambia nimekuja kumlinda. Akasema sawa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, kwamba alikuwa anaogopa kuingia peke yake, na aliogopa zaidi kufa akisubiri utafiti wangu. Nikafunga vifungo vya lile koti, vyote.

Tukaingia pamoja. Alipochomwa hata hakukunja uso. Nesi akauliza, na huyu je? Severina akanitazama tu. Nikakaa kwenye kiti.

Nje Laurenti alikuwa anagawa maji ya kunywa. Kanipa kikombe. Kasema karibu, mwenyekiti mwenzangu. Ana nia gani?

Jumapili, 10 Oktoba

Laurenti kashinda. Amosi kampigia, kura ilikuwa ya mikono, nilimwona akinyoosha kidole chake kidogo tu, kwa siri. Mweka hazina pia. Nilipopewa nafasi ya kusema, nikawaeleza wananchi kwamba chanjo imefanikiwa Sepuka kwa sababu mimi nilitangulia kuihoji. Wakaguna. Guno la aina nyingine.

Severina kapika kuku leo. Kala vizuri, kacheka, kaniambia viatu vyake vinanuka. Mkono wake unauma kidogo, wangu pia.

Mwenyekiti mpya katangaza kwamba mwezi ujao kila kaya ichimbe choo kipya. Vyoo! Vya nini? Nani atafaidika na mashimo yote hayo? Kesho naanza utafiti, na Amosi nitampa nafasi nyingine.

Kijiweni nimewaambia sindano sikuisikia kabisa, kwamba nilikuwa nasoma tangazo ukutani. Humu niandike lilivyokuwa, halafu nifunge. Nilipopiga ukelele wa "mama yangu" nikamshika Severina mkono, nesi alikuwa hajachukua sindano. Alikuwa ananipangusa kwa pamba.