Moshi wa Nyumba Yangu na Ahadi ya Kampuni Yenu

Ibra, Oman
9 Januari 2008

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya Umeme wa Nyuklia,
Uingereza.

Bwana Mkurugenzi,

Pokea heshima zangu, na za mume wangu, ambaye hajui kama nakuandikia. Mimi ni Mahfudha binti Marzouq, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Ibra, mwalimu wa skuli niliyestaafu. Mtoto wa marehemu dada yangu, Injinia Nadhir, ambaye huniita Khalati, anafanya kazi kwenu, idara ya mazingira. Kwa adabu zote nakuletea mashtaka juu yake, na juu yako wewe uliyemtuma.

Nadhir alikuja kwetu kwa Idi ya Kuchinja. Nilidhani kaja kula. Kumbe kaja na daftari. Alitueleza kwamba kampuni yenu imeahidi kupunguza moshi wake nusu ifikapo mwaka 2020, na kila mfanyakazi ameombwa aanzie nyumbani kwake. Kwake yeye huko ni chumba kimoja kisichokuwa hata na jiko la maana. Basi akaanzia kwangu.

1. Shuwa. Hii ni nyama ya Idi. Tunaipaka viungo, tunaifunga majani makavu ya mgomba na kuifukia shimoni kwenye makaa siku mbili, mtaa mzima shimo moja. Nadhir alisimama ukingoni akapima kuni kwa mizani ya tende. Wanaume wakamuuliza mume wangu kama kijana katumwa na serikali. Nyama yetu ilitolewa mwisho.

2. Mbuzi. Alisema mbuzi wangu sita wanacheua, na kucheua kwao kunaharibu hewa. Bwana, tangu lini mwenye kinu cha nyuklia akalalamikia pumzi ya mbuzi?

3. Hesabu zenu. Nilimuuliza, "Na nyinyi moshi wenu uko wapi?" Akanijibu, "Khalati, kinu chetu hakitoi moshi." Nikamuuliza juu ya wanaochimba madini ya kuendeshea kinu, malori yanayoyabeba, na saruji iliyokijenga kinu. Akakohoa, akasema mengi ya hayo yanaandikwa kwenye hesabu za wengine. Alhamdulillahi, nikafahamu. Nikalichukua daftari nikapiga hesabu kama mnavyopiga nyinyi. Shimo ni la mtaa, kwa hivyo moshi si wangu. Mbuzi nimewanunua mji wa Adam. Wahesabiwe watu wa Adam. Gari ni la mume wangu, nami sina leseni. Nyumba yangu haitoi kitu, na imetimiza ahadi ya 2020 miaka kumi na miwili kabla yenu. Naomba cheti chenye muhuri.

4. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu linaniuma. Siku ya nne ya Idi ilikuja posa ya binti yangu Najla. Ana miaka ishirini na tisa, anasomesha mji wa Sur, na Ghassan anasomesha skuli hiyohiyo. Wamependana kwa adabu miaka mitatu. Mama yake Ghassan, Bi Fawziya, alikuja na wanawake saba. Mgeni kwetu hatoki bila kufukizwa udi. Kumnyima ni kumwambia asirudi. Nikaenda jikoni kuchukua chetezo, nikakuta makaa yamemwagiwa maji. Nadhir kasimama hapo na daftari lake. "Khalati," akaninong'oneza, "tumeshapita kiwango cha mwezi huu."

Bi Fawziya alingoja kidogo, akatazama mlango, akaaga. Wiki mbili na zaidi sasa, hajapiga simu. Ghassan haonekani skuli. Nikimpigia Najla ananijibu neno moja moja, yeye aliyekuwa haishi maneno.

Kwa hivyo naomba umwandikie Bi Fawziya barua ya radhi, kwa karatasi ya kampuni, kwamba aliyemnyima udi ni wewe, si mimi. Na udi wetu wa mwaka mzima uandikwe katika moshi wenu. Ukiona tabu, tuletee kinu kidogo cha nyuklia, ukubwa wa mtungi wa gesi, tupikie shuwa. Jirani zangu wameridhia, isipokuwa mzee mmoja anayeuliza kama nyama yake itakuwa halali.

Atakayekufasiria barua hii ni Nadhir. Mwambie asiruke neno.

Nisalimie mkeo, wanao, makarani wako wote, na wale wanaokilinda kinu usiku na mchana.

Mimi mwenye subira iliyobaki kidogo,
Mahfudha binti Marzouq

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, simu ikalia. Bi Fawziya! Kumbe ana pumu. Alipotoka kwetu alipita kwa dada yake, wakamfukiza sawasawa, akalazwa hospitali siku kumi na mbili, Ghassan kando ya kitanda. Anasema nyumba yangu ndiyo ya kwanza kumpokea akavuta pumzi mpaka mwisho, na hataki mkwe kutoka nyumba nyingine. Posa imekubaliwa. Sharti lake ni moja: harusini usiwashwe udi, na msimamizi awe Nadhir na daftari lake. Basi yafute yote niliyoandika, na umpe ruhusa ya wiki mbili mwezi wa Machi. Moshi wa ndege yake tuandikieni sisi.