Mashitaka juu ya Mama Anayeuliza Watoto Kama Wamechoka Kuishi

Kasenga, Uvira, mwezi wa pili 2003

Kwa Bwana Shefu wa avenyu yetu,

Salamu nyingi kwako, kwa madame, na kwa mkwe wako aliyepona kolera. Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Masasi ya bunduki ya juzi yalipita juu ya bati, hayakushuka.

Kama umesahau nani anakuandikia, ni minye Ngendakumana Sévère, mzee wa Kiringye, niliyekimbilia hapa na familia wakati vita ilipochoma uwanda. Shuleni nilikaa kidogo tu, mwalimu aliniogopa kwa sababu ya akili nyingi. Lakini sauti yangu unaijua. Ni minye ninayesimama kwenye kilio, kabla jeneza halijatoka, na kutoa historia ya ugonjwa: marehemu alianza kuumwa wapi, alipelekwa kwa nani, alikunywa dawa gani, aliaga vipi. Hakuna muntu wa avenyu hii aliyezikwa bila sababu. Hata wale walioshinda akili ya daktari, minye niliwapatia ugonjwa. Wajane wanakuja kunishukuru, wanasema hawakujua kwamba bwana zao walikufa vizuri hivyo.

Leo naja mbele yako na mashitaka juu ya Mama Gloriose, yule wa nyumba ya kusikiliza wenye shida, nyuma ya soko dogo. Naomba umfukuze Kasenga, na umfukuze mapema, kabla hajamfikia mjukuu wangu Keza, ambaye ni mzima kabisa, ananyamaza tu. Sababu ziko hizi.

1. Anauliza. Anamkalisha mtoto wa watu kwenye benchi la ubao, anamwangalia machoni, na kumuuliza kama amechoka kuishi. Waziwazi hivyo, kama muntu anayeuliza bei ya ndagala. Sisi wazee tumekaa na watoto hawa katika vita yote. Tumelala nao chini ya vitanda, tumewavusha mto Ruzizi mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza jambo chafu kama hilo. Tunawauliza kama wamechota maji. Inatosha.

2. Anaharibu majina ya magonjwa. Hapa kwetu mtoto akinyamaza, akikataa kula, akilia bila kupigwa, tuko na majina ya zamani: mapepo, uvivu, mapenzi, minyoo. Kila jina liko na dawa yake: maombi, fimbo, fimbo tena, na dawa ya minyoo. Yeye amekuja na jina moja tu, anasema ni huzuni. Huzuni, Bwana Shefu. Nani hapa hana huzuni? Kama huzuni ni ugonjwa, basi peleka Uvira nzima lopitali, kuanzia mlimani mpaka ziwani, pamoja na askari wa pande zote, na weye mwenyewe ubebwe kwenye kipoyi.

3. Alinivunjia heshima kwenye kilio cha Placide. Huyo ni mtoto wa Octave, fundi wa baiskeli, kijana wa miaka kumi na saba. Namna alivyoondoka wote tunaijua na sitaiandika. Nilisimama vizuri, na koti. Nikaanza kwamba marehemu alishikwa na malaria. Watu wakaitikia. Nikaona malaria ni ndogo kwa kijana mwenye kifua kama kile, nikaongeza karuho, ile sumu ambayo sisi wa hapa hatuwezi kuzika bila kuitaja. Watu wakafurahi zaidi, kwa sababu karuho haiji peke yake, inakuja na mwenye kuiweka. Sijamaliza hata sentensi, macho yote yameshageukia Nyiransengimana, mama mzee wa milima ya juu, mjane, anayekaa peke yake na ambaye aliwahi kumpa Placide maziwa.

Ndipo Gloriose akasimama katikati ya wamama, bila kuitwa na mtu, akasema, "Huyu mama hakumpa sumu. Mutoto alikuwa na huzuni, akajiua. Na wengi wenu mliona anavyokwisha." Tulikuwa karibu kabisa kupata mkosaji, wengine walishika mawe tayari, yeye akatunyang'anya. Nyiransengimana yuko mzima mpaka leo na kila asubuhi anatusalimia. Ni aibu kubwa kusalimiwa na muntu uliyemshikia jiwe.

Halafu Octave naye akaharibika. Baba mzima, fundi, akalia na kamasi mbele ya wakwe, akatoa mambo ya ndani: kwamba kijana alimwambia mara nyingi, "Papa, nimechoka," na yeye alimjibu, "Basi lala." Nani alimuuliza? Minye nilikuwa nimeshamwekea malaria na karuho, alikuwa amesamehewa kabla ya kushitakiwa.

4. Analeta njaa. Kila siku ya nne ya juma vijana wanaingia kwake kimya, wanatoka macho mekundu, wanarudi nyumbani na kuomba chakula. Mtoto mwenye huzuni hali kitu, na kwa vita hii alikuwa anatusaidia. Akisikilizwa anamaliza bukari ya nyumba nzima, na kesho tena. Mihogo yetu imebaki Kiringye, barabara imefungwa. Gloriose awasikilize, sawa, lakini awapikie mwenyewe.

5. Ameharibu salamu. Zamani muntu alikuuliza habari, ukamjibu nzuri, hata nyumba yako ikiwa inaungua nyuma yako, kila mmoja akaenda zake. Sasa wamama kwenye robine ya maji wanaulizana, "Weye, unalala? Unakula? Ile mambo ya mume wako iko aje?" Wanauliza na kungoja jibu. Ndoo zinajaa na kumwagika. Wiki iliyopita Agnès, jirani yangu, aliniuliza minye kama ninalala. Nilimjibu kwamba mwanaume wa Kiringye hajui usingizi ni kitu gani. Akasema pole. Pole ya nini?

6. Kwa hiyo naomba uweke sheria. Kijana yeyote asiwe na huzuni mpaka vita iishe. Atakayeshindwa kungoja, aombe ruhusa kwa baba yake, baba aombe kwangu, na minye nitachagua ugonjwa wa kumpatia mapema, akiwa bado anatembea, ili siku ikifika tusihangaike mbele ya wageni. Najua wazazi watapenda. Wengi wanataka sana kujua watasema nini, kuliko kujua mtoto anasema nini.

7. Na hili ndilo lililonifanya niazime kalamu. Keza ni binti wa Generose, mwanangu. Ana miaka kumi na tano. Tangu tutoke Kiringye sijamsikia akicheka, na nimeshukuru Mungu kwa utulivu huo. Kwa Gloriose haendi, nimekataza. Nyumba ya mtoa historia haiwezi kutoa mgonjwa asiye na jina la ugonjwa. Lakini jana tulikuwa tunachambua maharage, minye na yeye, akaniuliza polepole, bila kuinua macho, akiniita babu kwa lugha ya kwetu: "Sogokuru, siku yangu utasema niliumwa nini?"

Nakuuliza weye Shefu, hilo ni swali la mtoto? Nilimwambia malaria. Akasema malaria nilishampa Placide. Nikamwambia basi karuho. Akasema hataki bibi wa watu apigwe mawe kwa ajili yake. Nikatafuta tumbo, nikatafuta kifua, nikatafuta hata radi. Minye ambaye sijawahi kukosa ugonjwa katika avenyu hii, nilikosa. Yeye akaendelea kuchambua maharage.

Unaona sasa hatari ya mama huyu. Mtoto hajakanyaga kwake hata mara moja, na ameshajifunza kuuliza. Afukuzwe, na nyumba ile igeuzwe ghala.

Nangoja uamuzi wako, na usiwe wa kulegalega. Unisalimie madame na watoto, mkwe, wazee wa baraza lako, katekista na wale wa kwaya yake wanaoimba kwa pua, na Octave ukimkuta kwenye baiskeli zake.

Ni minye, mtoa historia wa avenyu,
Ngendakumana Sévère

N.B. Shefu, barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Nimemuuliza Keza. Nilimuuliza minye mwenyewe, maneno yale yale ya Gloriose, na sauti yangu hii. Amejibu ndiyo. Amesema iko tangu zamani, na kwamba alikuwa anangoja muntu amuulize. Generose anakuletea karatasi hii mbio. Usisome ya juu. Mpitie Gloriose kwanza, umlete hapa kwangu leo, hata kama risasi zinalia. Mashitaka yatangoja. Mtoto nimemshika mkono, tumekaa mlangoni, na minye sitoki hapa mpaka mama huyo afike.