Mapezi ya Mpira na Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Tena mbele ya mama mkwe. Nawaambia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa Rajabu, maana Rajabu ataongeza chumvi, na kisa hiki kimeshakolea.

Kukaa siwezi. Nikikaa, goti linapwita. Nikisimama, nasikia watu wanacheka kule kwenye nyumba za wakata mkonge, nadhani wananicheka mimi. (Ni mimi.) Basi nitawasimulia huku nazunguka. Mnivumilie.

Mnajua tangu juzi pampu ya bwawani imegoma. Mdomo wa bomba, kule chini majini, umezibwa na magugu na makapi ya mkonge. Kambi nzima haina maji. Wanawake wanateremka mpaka mto Mkondoa, wakirudi na ndoo kichwani hawasemi na mtu. Jana mke wangu Tabitha alinipa ugali mkavu. Nikauliza mboga iko wapi. "Mboga inataka maji," akanijibu, "na wewe ndiye fundi wa pampu."

Leo asubuhi Bwana Meneja akatuita ghalani. Mzungu huyu kila akienda Dar es Salaam huzama baharini kutazama samaki. (Hawavui. Anawatazama tu.) Akatutolea vifaa vyake: mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, miwani ya kuonea majini, na jozi tatu za mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, yale tunayoyaita viatu vya bata.

"Nani anajua kuogelea sana?"

Nikanyoosha mkono. Mimi si Mnyasa? Nimezaliwa ziwani! Rajabu, mtia mafuta mashine, naye akanyoosha. Yeye kwao Kigoma, na tangu tujuane tunabishana ziwa la nani lina maji ya maana. Meneja akanichagua mimi. Nikamtazama Rajabu. Nikageuka, nikamtazama tena.

Sasa, magoti yangu mnayajua. Miaka yote nimepiga magoti juu ya saruji chini ya mashine ya kukwangua mkonge. Nikichuchumaa yanalia, watu wanauliza nani kavunja kuni. Meneja naye anayajua.

"Wewe magoti mabaya," akasema. "Lazima chagua mapezi vizuri. Pima kwanza."

Akanilaza kifudifudi juu ya benchi nipige miguu hewani. (Watu dirishani. Bila shaka.) Jozi ya kwanza ina mkanda wa kisiginoni, lakini ni kubwa, ikaning'inia kama sikio la mbwa. Jozi ya pili ni ndefu, nyeusi, ngumu kama tairi la lori. Inapendeza, jamani! Nikapiga teke moja tu, goti la kulia likalia kacha! Nikauma benchi.

Jozi ya tatu fupi, ya kijani, mpira wake laini. Nikapiga miguu. Kimya. Nikapiga tena. Lo! Kama kuvaa chapati ya moto. Magoti yenyewe yalishukuru.

"Hizi hizi, bwana," nikasema.

"Vizuri sana. Hizi za memsahibu, mke wangu."

Rajabu, pale mlangoni, akasema, "Alaa."

Hakusema zaidi. "Alaa" tu. Lakini katika ile "alaa" nikaona maisha yangu yote ya mbele. Nikasikia kambi nzima ikiniita Memsahibu mpaka siku ya kuzikwa.

"Nimeghairi, bwana. Nachukua ndefu."

"Na magoti?"

"Yamepona, bwana."

Tukaenda bwawani. Kumbe habari zimetangulia! Wakata mkonge, wanawake na ndoo zao, mnyapara na filimbi yake, wote ukingoni. Na nani amesimama kando ya Tabitha? Mama mkwe! Ameshuka leo kwenye treni kutoka Munisagara, kuja kumtazama mjukuu.

Yule mama kwao ni milimani, na kwao mkwe haangaliwi usoni. Tangu nimwoe binti yake tunasalimiana kwa kupeana mgongo. Mimi nauambia ukuta "shikamoo, mama", naye nyuma ya mlango anajibu "marahaba, baba". Basi. Heshima tele, wala sijui pua yake ikoje.

Meneja akanifunga mtungi, akanitia mpira wa hewa mdomoni, akaniambia, "Na mapezi haya, ingia kinyumenyume. Usiende mbele."

Kinyumenyume! Nikiingia kinyumenyume si nitakuwa namkodolea macho mama mkwe? Haiwezekani. Nikamgeuzia mgongo kwa adabu, nikaingia kwa mbele kama mwanamume.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, pezi la kushoto likakanyaga la kulia. Nikaenda chini, uso kwanza, pwaa! Mtungi ukanikandamiza mgongoni. Nikataka kukunja miguu niinuke, magoti yote mawili yakakaza. Hayakunjiki, hayanyooki. Mpira wa hewa ukanitoka mdomoni, yakaingia matope. Nikainua kichwa, nikapiga kelele, "Nakufa!" Nikazama tena. Mikono inapiga, mapezi yanapiga, maji yanaruka mpaka kwa mnyapara.

Tabitha akapiga ukunga. Rajabu, namsikia kabisa, akawaambia watu, "Mwacheni! Ndivyo wanavyoogelea Nyasa!"

Wakapiga makofi, jamani. Mimi nakufa, wao wanapiga makofi!

Mara nikahisi mguu umeshikwa. Nikavutwa. Pezi likachomoka, aliyenivuta akaanguka matopeni. Akaja tena. Safari hii akashika kaptula kiunoni, akavuta kwa nguvu za mtu aliyelima milima maisha yake yote. Kifungo kikaruka. (Hapo sitaeleza. Aliyekuwepo aliona, asiyekuwepo amshukuru Mungu.)

Nikageuzwa chali. Nikafumbua macho. Mama mkwe, kanga imelowa, ananitazama usoni.

"Baba," akasema, "simama. Maji haya hata kuku anavuka."

Nikatazama. Kweli. Alikuwa amesimama, maji hayajamfika hata magotini.

Kuku wenyewe wangecheka. Meneja alikwenda nyuma ya lori, mabega yakitikisika. Na kufumba na kufumbua, nani kavaa yale mapezi mafupi ya memsahibu, na mtungi wangu mgongoni? Rajabu! Bila haya! Akaingia kinyumenyume, akazama, mapovu, akaibuka na furushi la magugu kubwa kama godoro. Pampu ikakohoa, ikatapika, maji yakaja. Vigelegele mpaka kiwandani. Wala hakuna aliyemwita Memsahibu. Walimwita Fundi.

Mimi nilirudishwa nyumbani kwa toroli la makapi.

Jioni hii Tabitha alikuwa ananikanda magoti kwa maji ya moto (ya bomba, maana maji sasa yapo). Mama mkwe akaingia. Mlangoni kabisa, bila kujificha! Nikageukia ukuta haraka, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geuka huku, mwanangu."

Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Miaka yote nimejificha nisikuone," akasema. "Leo nimekuona kote. Sasa nijifiche nini?"

Akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka begani, na Tabitha naye akamwaga maji. Nami, nifanyeje? Nikacheka. Ana pua nzuri yule mama, kama ya binti yake.

Haya, nimemaliza. Kesho mkinikuta njiani, niulizeni hali ya magoti. Habari za kaptula, tafadhalini, muulizeni Rajabu nikiwa mbali.